Kina cha Dwejra

Mwaka 1994 nilitunga shairi la beti 18 nikaliita "Kilindi". Wasomaji wa umri wangu huenda wakalikumbuka, kwani lilisomwa redioni mara kadhaa, na wako walioliimba harusini ingawa halikuwa la harusi. Lilinipatia jina. Ndani yake mna neno moja la uongo, na neno hilo nililitambua Oktoba 2023, nikiwa mita 16 chini ya maji, katika pango la bahari kisiwani Gozo, nchini Malta. Naomba msomaji anivumilie nieleze nilifikaje huko, maana mtu mwenye kitambi na miwani, aliyekwishapita miaka 50, haingii mapangoni baharini bila ya sababu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mzamiaji wa majongoo ya pwani. Wazee wetu walizamia kwa pumzi zao wenyewe, wakaokota walichokifikia. Ilipoingia miaka ya tisini, majongoo ya maji mafupi yalikuwa yamekwisha, na yenye bei yamebaki kilindini. Mfanyabiashara mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliwapa vijana wa kwetu mitungi ya hewa na hakuwapa elimu yake. Kaka alikuwa akishuka mita 30, pengine 40, mara nne au tano kwa siku, na kila mtungi ulipokaribia kwisha alipanda mbio kama kizibo. Siku moja ya kaskazi alipanda, akaketi kwenye ubao wa mashua, akaomba maji ya kunywa. Alipotaka kusimama miguu haikumwitika. Haijamwitika mpaka leo.

Mengi yalisemwa. Wengine walisema ameguswa na wenye bahari yao, wengine wakasema ni husuda. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 25, niliyeacha skuli kidato cha pili, Kiarabu nimekipata chuoni na Kiingereza kwa vitabu vya kuazima. Nilikaa kando ya kitanda chake usiku baada ya usiku, yeye akisema, mimi nikiandika. Kati ya aliyoniambia ni kwamba katika kuzama kule kwa mwisho alijikata mkono kwa jiwe, akaiona damu yake ikitoka ya kijani. Katika shairi langu damu ile ni nyekundu. Nisije nikajitetea kwa mizani: "kijani" na "nyekundu" yote ni maneno ya mizani tatu, na lilikuwa katikati ya kipande, halikugusa kina. Neno la kaka lingekaa pale pale bila ya kusogeza herufi. Nililibadilisha kwa sababu sikumwamini. Nilidhani ni homa inayosema. Kisha nikaweka kibwagizo cha kuishutumu bahari kwa hiana yake, watu wakapiga makofi, na kaka akalisikiliza redioni akiwa amelala chali, asiseme neno.

Sasa nije kwenye Malta. Kimalta nilikutana nacho katika kijitabu cha mashairi alichoniachia msafiri mmoja, na kurasa za mwanzo zilinitia wazimu wa furaha. Hii ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha watu walioviteka visiwa vile mwaka 870, ikaandikwa kwa herufi za Kirumi, ikabebeshwa Kiitalia tele, na leo ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Lakini fungua ukurasa wowote: bahari ni *baħar*, dunia ni *dinja*, mauti ni *mewt*, roho ni *ruħ*, saa ni *siegħa*. Mswahili aliyeonja Kiarabu hujiona kama mtu aliyeingia nyumba ya jamaa asiowajua akakuta vyombo vya mamaye kabatini. Pia huteleza, kwa sababu ujamaa wa maneno hudanganya. *Nifs* kwao ni pumzi. Sisi mzizi ule ule tumeutoa "nafsi", tukautoa na "nafasi", na pumzi yenyewe tukaiita jina letu la Kibantu. Nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na ubishi, na baada ya miaka kadhaa nikaanza kuandikiana na mshairi mmoja wa Gozo, mwalimu mstaafu, ambaye mashairi yake nayatafsiri mpaka sasa. Huniita *ħabib*. Kwao neno hilo ni rafiki tu, halina mahaba ndani yake, jambo ambalo ilibidi nimfafanulie mke wangu.

Shairi lililotuleta pamoja linahusu Dirisha la Dwejra. Dwejra ni ghuba ya magharibi mwa Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika vile vya Malta, chenye eneo la kilomita za mraba 67 tu. Pale palikuwa na tao la mawe ya chokaa lenye kimo cha mita 28, limesimama mguu mmoja baharini, wenyewe wakiliita *it-Tieqa*, yaani Dirisha. Asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017, katika dhoruba kali, liliporomoka. Tao na nguzo vilikwenda pamoja. Rafiki yangu alitunga shairi, na kitenzi chake kikuu ni *waqgħet*, "lilianguka". Hiyo *q* yao haisikiki kama kafu ya chuoni, ni kikwazo kidogo kooni tu, na *għ* haisikiki kabisa, kwa hiyo neno lenyewe likitamkwa huwa kama mtu aliyekatwa pumzi. Nililitafsiri "limetoweka". Nililiona zuri, lina huzuni. Aliponiuliza maana yake halisi nikamweleza, akanijibu kwa barua ya mstari mmoja: halikutoweka, njoo nikuoneshe lilipo.

Yeye ni mzamiaji tangu ujana. Mwaliko wake, kwa hiyo, ulikuwa na sharti: nijifunze kuzamia kwanza.

Aliyenifunza ni mtoto wa kaka. Huyu kijana aliyekua akimsukuma babaye kwenye kiti cha magurudumu, kazi aliyoichagua ni kuwazamisha wageni kule Nungwi, na ana vyeti vyake vyote. Nilikwenda kwanza kumwomba kaka ruhusa, maana sikuona njia ya kuifanya kwa siri. Alinitazama kitambo. "Mwambie akufunze kupanda," alisema. "Kushuka hata jiwe linajua."

Nikapimwa na daktari, nikajaza fomu za afya, nikaanza. "Ami, usibane pumzi," kijana alikuwa akiniambia, na ndilo somo la kwanza na la mwisho. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10 mkandamizo umekuwa mara mbili, mita 30 mara nne, na hewa unayoivuta hubanwa kwa kadiri hiyo. Ukiibana kifuani ukapanda nayo, itatanuka mpaka iyapasue mapafu. Hilo moja. La pili ndilo lililonifanya nimwombe anieleze tena, na tena. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, nayo chini ya mkandamizo huingia katika damu na mishipa ya fahamu, ikayeyuka humo kimya kimya. Ukikaa sana kilindini huingia nyingi. Ukipanda polepole hutoka kwa njia iliyoingilia, kwa pumzi. Ukipanda mbio hufanya povu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa kwa pupa, na povu hilo likikwama katika uti wa mgongo huua miguu. Dawa yake ni oksijeni, na kurudishwa upesi katika chumba cha mkandamizo ili povu lisagike.

Tulikuwa tumekaa mchangani, mimi na kijana, mitungi kando yetu. Aliyasema haya kwa sauti ya kazi, kama anavyowaambia wageni kila asubuhi, na hakunitazama. Nikauliza, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha bahari? Akasema, "Hapana, ami. Palikuwa na saa na kina, basi." Na mimi nina kibwagizo kinachorudia mara 18 kwamba bahari ina hiana.

Dwejra nilifika kwa gari, siku ya jua. Mahali penyewe ni pakavu, rangi ya asali, miamba imechongwa na chumvi ikawa kama misumari. Kuna mnara wa ulinzi uliojengwa 1652, ukitazama bahari kwa jicho la mtu aliyekwisha kuumwa: mwaka 1551 maharamia walikivamia kisiwa hiki wakawachukua karibu watu wake wote, maelfu, wakawapeleka utumwani Tripoli. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Upande wa nyuma kuna ziwa dogo la maji ya bahari, na vibanda vya wavuvi vimelizunguka. Lina mlango mmoja tu, pango lililotoboa jabali kwa urefu wa mita kama 80 mpaka bahari kuu. Nilipitishwa humo kwa mashua ya mvuvi. Dari iko juu, giza liko pande zote, na mbele ufa wa mwanga wa buluu. Mvuvi alisema *għar*, pango, na kwa kuwa *għ* haisikiki nilisikia "aar" tu, mwangwi ukaichukua.

Wazamiaji lakini huingilia penginepo. Karibu na pale liliposimama Dirisha kuna shimo katika mwamba, upana wake mita kama 10, maji yake buluu ya wino, na mataifa yote hulijua kwa jina la Blue Hole. Ukuta mwembamba wa jiwe unalitenga na bahari. Mita chache chini ya maji ukuta huo una tao, na kwa tao hilo shimo huwasiliana na nje. Upande wa nchi kavu, sakafuni mwa shimo, kuna pango kubwa. Ili kufika hubidi utembee juu ya ile misumari ya mawe, mtungi mgongoni, mshipi wa risasi kiunoni, mapezi mkononi, ukitokwa jasho ndani ya suti ya mpira. Sijapata kujiona mzee kama nilivyojiona kwenye njia ile.

Siku ya kwanza nilishindwa. Tulikuwa watatu, rafiki yangu, mimi, na kiongozi wetu, mama wa makamo wa pale pale Gozo mwenye leseni na ukali wa ustadhi. Nilishuka mita 6, maji yakaingia katika miwani, nikayatoa kama nilivyofunzwa, yakaingia tena. Nikaitazama ile duara ya mwanga juu, nikaona imekuwa ndogo kama sahani. Pumzi zikaanza kunikimbia. Hili ni jambo la ajabu, kwamba mtu mwenye mtungi mzima wa hewa anaweza kuhisi anakosa hewa, lakini ndivyo ilivyo: hewa ipo, nafasi hakuna. Kama miguu ingekuwa na akili yake ingenipiga teke mpaka juu. Na nilianza kupiga. Yule mama alinishika mkono, akaniwekea uso wake mbele ya uso wangu, akawa anapumua kwa kunionesha, polepole, mapovu makubwa, mpaka nikamfuata. Kisha akaniashiria kwa kidole gumba, juu, na kwa kiganja, taratibu. Tulipanda kama wachukua jeneza. Nilipotoka nilitazama kipimo, mtungi ulioanza na 200 umebaki 90, na sijafika popote.

Usiku ule rafiki yangu hakunipa pole. Alinipa mvinyo, nikakataa, akanipa chai, akaleta kitabu. Matini ya zamani kuliko zote za Kimalta zinazojulikana ni shairi la mistari 20 la Pietru Caxaro, aliyefariki 1485. Lilikaa limesahauliwa katika kitabu cha mthibitishaji wa hati mpaka lilipoonekana 1966, likachapishwa 1968. Mada yake ni nyumba iliyoporomoka kwa sababu msingi wake ulikuwa mbovu. Fikiria, fasihi nzima ya lugha moja mlango wake ni ukuta ulioanguka. Akaniambia kuwa jina Dwejra nalo hufasiriwa kuwa "kijumba", kutoka *dar*. Tulizungumza mpaka saa sita za usiku juu ya vitenzi vya kuanguka, na nadhani alifanya kusudi, ili nisifikirie miwani.

Siku iliyofuata upepo wa *majjistral*, utokao kaskazini-magharibi, ulivuma na pale hapaingiliki. Siku ya tatu maji yalitulia.

Nilishuka nikihesabu pumzi, moja ndani, moja nje. Mita 8, tao. Samaki wadogo weusi wametanda mlangoni kama kunguru. Hatukutoka nje kwanza. Yule mama alitugeuza, akatuingiza pangoni, sakafu ya mchanga, kipimo kikasoma 16. Humo akatuashiria tugeuke nyuma tutazame tulikotoka. Siwezi kulieleza vizuri, na hili nalisema nikiwa mtu anayelipwa, kidogo, kwa kueleza. Mdomo wa pango ulikuwa pazia la buluu lililosimama wima, na mawe yote yaliyolizunguka ni weusi mtupu. Rafiki yangu alining'inia katikati ya pazia hilo, mikono kifuani, kama nukta ya herufi isiyo na herufi. Nimeiandika buluu mara nyingi. Nilikuwa nikiandika rangi ya kitu. Ile haikuwa rangi ya kitu chochote.

Nilinyosha mkono nijishike nisielee juu, kiungo cha kidole kikakwaruzika jiweni. Sikuhisi maumivu. Nikaona kinatoka kiuzi, chepesi kama moshi wa udi, kijani cheusi.

Yule mama aliniona nimekodoa. Akadhani nimeogopa, akawasha tochi akanimulika. Moshi ukawa mwekundu. Kuta nazo, zilizokuwa za majivu, zikalipuka kwa sifongo na matumbawe ya rangi ya chungwa. Akazima, ukarudi kijani. Nilimwomba kwa ishara awashe tena, azime tena. Akanifanyia mara tatu, kisha akanitolea jicho la kuwa hewa si ya kuchezea. Yeye hakujua ni nini ninachokisoma. Maji huila nuru, na huanza na nyekundu. Hapo chini nyekundu haipo mpaka uje nayo mwenyewe. Kaka alikuwa mita 30 na zaidi, hakuwa na tochi, wala homa. Alisema alichokiona.

Tulitoka kwa tao mpaka bahari kuu. Basi nikaliona Dirisha. Limelala kwenye mteremko, vipande vingine vikubwa kama nyumba za ghorofa, kona zake bado kali, lakini mwani umekwisha kuyavika mawe na samaki wanaingia na kutoka kwenye nyufa kama wapangaji waliolipa. Palipokuwa na upenyo mmoja hewani sasa pana penyo nyingi majini. Rafiki yangu aliupitisha mkono wake juu ya jiwe moja bila ya kuligusa. "Limetoweka" langu lilikuwa neno la mtu aliyesimama pwani. Katika tafsiri itakayochapishwa nimeandika "limeshuka".

Kisha kupanda. Kipimo mkononi, mapovu yangu madogo yananitangulia, na sheria ni kutoyapita. Kwenye mita 5 tukasimama, tukaning'inia dakika tatu nzima bila ya kazi yoyote isipokuwa kupumua. Wageni wengine huziona dakika hizo ni za kuchosha. Mimi nilimfikiria kaka akipita hapo hapo kwenye mita 5, mwaka 1994, mbio, magunia ya majongoo yanamsubiri juu na mtu anayehesabu.

Jioni nilimpigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umetoka?"

"Nimetoka, salama."

"Ulipanda kwa muda gani?"

"Dakika sita. Kutoka mita 16."

Alinyamaza. Nilisikia redio yake, na jogoo asiyejua saa. "Sita," alisema. "Mimi sikupata kupewa hata mbili."

Nikamwambia juu ya kidole changu. Nikamwambia kuwa katika shairi lile nitalirudisha neno lake, kijani, na kwamba kibwagizo sijui nitakifanya nini, kwa sababu kimekwisha kusambaa na watu wanakipenda, ila si kweli, na nilipaswa kumuuliza kabla sijakiandika. Nilisema kwa kujikwaa, kama mtoto aliyeharibu chombo.

"Shairi lile liache," akasema. "Ni lako, si langu. Bahari haikunifanya kitu. Ukirudi njoo na karatasi, nitakwambia tangu tulipong'oa nanga."

Nilirudi Novemba. Tangu hapo huenda kwake kila Ijumaa baada ya sala, yeye akisema, mimi nikiandika, na safari hii humsomea nilichoandika kabla sijaondoka, akanisahihisha. Daftari la pili limejaa. Tumefika asubuhi ya siku ile, mashua imeshatia nanga, na bado hajavaa mtungi.